Pikseli Nyingi, Mwanga Haba

Swali limetoka Singida mjini. Msomaji anayesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye huonana na walimu wake zaidi kwa video kuliko ana kwa ana, alinunua kamera ya kuchomeka kwenye kompyuta yake ya mezani. Boksi lilisema 1080p. Mchana inajitahidi, lakini ikifika saa mbili usiku, chini ya balbu moja ya sebuleni, uso wake unajaa chenga. Jirani alimwazima kamera kuukuu ya 720p, wakaijaribu kwenye meza ileile na taa ileile, na sura ikatoka safi zaidi. Anauliza: ameuziwa feki? Na akitaka nyingine ya bei nafuu, aangalie nini?

Huenda si feki. Amenunua pikseli nyingi, na alichopungukiwa ni mwanga wa kuzijaza.

Mambo ya waya nayapita haraka. Kiwango cha pamoja cha kamera za USB kilitoka mwaka 2003, na karibu kila kamera inayouzwa leo hutambuliwa na Windows au Linux bila kusakinisha chochote. Maikrofoni iliyomo ndani yake isikusumbue. Vaa earphone za simu. Hata wingi wa pikseli haukuwa na uzito huo mwanzoni. Mwaka 1991 watafiti wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walielekeza kamera kwenye chombo cha kahawa ili wajue kama imeisha kabla ya kunyanyuka vitini. Picha ilikuwa ya pikseli 128 kwa 128, isiyo na rangi, na ilitosha.

Tuingie ndani ya kamera, maana utamu uko huko. Nyuma ya lenzi kuna kipande cha silikoni kisichofikia ukubwa wa ukucha, na juu yake vimepangwa visehemu vidogo mno, kimoja kwa kila pikseli. Mwanga huja kwa chembe ziitwazo fotoni. Fotoni inayonaswa hubandua elektroni, na elektroni hiyo hubaki humohumo ikisubiri kuhesabiwa. Wataalamu wetu wamezoea kuita kifaa cha namna hii kihisi, lakini neno hilo halinitoshi. Kuhisi ni kugundua tu, ilhali hapa kuna kupokea, kutunza na kupima. Kiswahili kina kitenzi kilichokaa tayari: kukinga, kama tunavyokinga maji ya mvua. Basi kila kisehemu nitakiita kikingio.

Na mvua ndiyo itakayotufikisha tunakokwenda. Singida hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, hivyo mtu wa huko hahitaji kufundishwa thamani ya kukinga. Panga visado mia moja uani, vya ukubwa mmoja, mdomo kwa mdomo, mahali pasipo na mti wala paa. Yapite manyunyu ya sekunde chache. Ukienda kuhesabu matone hutakuta idadi moja: hiki kina tisa, cha pembeni kumi na mbili, kile cha kona sita. Visado havina kosa na wingu halikupendelea. Kila tone limeanguka kivyake, bila kupatana na wenzake, na chochote kinachoanguka kwa bahati namna hiyo lazima kitofautiane. Sasa ije mvua kubwa ya nusu saa. Visado vyote vinakaribia kulingana, na ukivitazama utasema maji yamepimwa kwa rula. Bahati ni ileile. Matone ndiyo yamekuwa mengi hadi yakaifunika.

Mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson aliiandika hesabu hii mwaka 1837, na kiini chake ni kizuri kwa wepesi wake. Tofauti ya kawaida kati ya chombo na chombo ni kipeuo cha pili cha wastani. Wastani ukiwa matone 9, tofauti ni 3, yaani theluthi nzima. Wastani ukiwa 100, tofauti ni 10, asilimia kumi. Ukifika 10,000, tofauti ni 100, asilimia moja tu, na jicho halitaiona.

Mwanga nao ni mvua ya aina hiyo. Chini ya balbu moja ya sebuleni, kikingio cha kamera ya bei ya chini kinaweza kupata fotoni mia moja hivi kwa picha moja, au pungufu. Chukua vikingio viwili vilivyoelekea shavu lilelile. Vingepaswa kutoa weusi mmoja, lakini kimoja kimekinga 90 na kingine 110. Sehemu ya thelathini ya sekunde baadaye inapigwa picha nyingine, na safari hii cha kwanza kina 112, cha pili 95. Shavu limetulia, namba zinaruka. Chenga unazoziona ndizo hizo: manyunyu ya mwanga yaliyohesabiwa kwa uaminifu.

Hapo ndipo pikseli nyingi zinapogeuka hasara. Picha ya 1080p ina pikseli 2,073,600; ya 720p ina 921,600. Zikipangwa kwenye kipande cha silikoni cha ukubwa uleule, kikingio cha 1080p kinabaki na chini ya nusu ya eneo la mwenzake. Umeondoa visado, ukajaza uwanja uleule kwa vikombe. Mvua haikuongezeka, na kila kikombe kimeambulia matone machache yenye kutofautiana zaidi. Ni kweli picha ikipunguzwa kwenye skrini vikombe huchanganywa na nafuu hurudi, na silikoni za watengenezaji hazilingani ubora. Lakini kwa kamera za bei ya chini, hii ni kanuni ya kushika.

Tena kuna ushuru wa rangi. Kikingio hakijui nyekundu wala bluu, hujua kuhesabu tu. Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipata hataza ya dawa yake mwaka 1976: kila kikingio kivalishwe kichujio cha rangi moja, nusu ya vyote kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kijani imepewa nusu kwa sababu jicho la binadamu huitegemea zaidi katika kupambanua undani wa picha. Uani kwetu, ni kama kila chombo kimefunikwa chujio linalopitisha takriban theluthi ya matone. Rangi mbili zinazokosekana kwenye kila pikseli hukisiwa kutoka kwa majirani. Yaani theluthi mbili za namba za rangi katika picha yako hazikupimwa. Jirani anayeulizwa akiwa na chenga, kisio nalo huharibika, na mashavuni yanatokea madoa ya zambarau na kijani ambayo hakuna mtu aliyezaliwa nayo.

Giza likiingia, kamera ina mbinu tatu. Ya kwanza ni kukuza namba: kila tone linatangazwa kuwa kumi. Uso unang'aa, na tofauti nazo zimekuzwa kwa kiasi kilekile. Ya pili ni kuacha vyombo mvuani muda mrefu zaidi. Kamera ya picha 30 kwa sekunde hushuka hadi 15, muda wa kukinga unaongezeka maradufu, lakini ukipunga mkono unaacha mkia. Ya tatu ni kulainisha, ambapo chenga hufutwa pamoja na nyusi. Na kuna gharama ya bando. Programu za video hubana picha kwa kutuma zaidi kile kilichobadilika, na chenga hubadilika katika kila picha, hivyo ama data inakwenda nyingi, ama uso unavunjika vipande vya mraba.

Kama unaona pia mistari ya kiza inayopanda na kushuka, dawa yake ni bure. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyopangiwa hezi 60, zinazotumika Marekani, hupishana na kufifia huko. Fungua mipangilio ya kamera, tafuta panapotajwa 60 Hz, weka 50 Hz.

Liko jambo linalotuhusu sisi watu weusi moja kwa moja. Kamera hupima mwangaza wa picha nzima na kuupeleka kwenye wastani wa kijivu. Nyuma yako pakiwa na ukuta mweupe au dirisha lenye jua, inaona mwanga umezidi na kufupisha muda wa kukinga. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache, kwa hiyo uso wako ndio unaobaki na manyunyu kuliko kitu chochote kwenye picha. Geuza meza, dirisha liwe mbele yako. Jua la saa sita mchana lisilo na mawingu hufika lukzi 100,000 huko nje, na sebule yenye balbu moja inaweza kuwa na 50 tu. Hata sehemu ndogo ya jua hilo ikipita dirishani, vikingio vinajaa. Usiku weka taa ya mezani kando ya skrini ikikuelekea, na nyuma yako tundika kitenge cha rangi ya kiza. Kamera itaacha kukupunja.

Dukani, basi, angalia haya. Kwanza namba ya lenzi inayoanza na f: ikiwa ndogo, lenzi ni pana. Lenzi ya f/2.0 hupitisha karibu maradufu ya f/2.8. Pili, usiamini namba ya boksi peke yake, maana baadhi hutaja picha ndogo iliyotanuliwa. Shika gazeti mbele ya kamera na usome maandishi yake madogo kwenye skrini. Zilizotanuliwa hufifiza herufi. Tatu, mwombe muuzaji azime taa, kisha punga mkono. Sekunde hizo zitakueleza mengi kuliko boksi zima. Lenzi isiyojirekebisha umbali isikutishe, kwa sababu wewe umekaa mahali pamoja. C270 ya Logitech, iliyotoka 2010, ni ya aina hiyo na ya 720p, na bado inauzwa. Ukiagiza Kariakoo uletewe kwa basi kilomita takriban 700, majaribio haya yafanywe na anayekununulia kabla hajalipa, kwa sababu kurudisha ni shughuli.

Kabla ya yote, jaribu simu uliyonayo. Kamera ya nyuma ya simu ya kawaida mara nyingi huwa na lenzi pana na silikoni kubwa kuliko kamera za kompyuta za bei ya chini, na zipo programu za kuiunganisha na kompyuta kwa waya.

Kwa msomaji wetu wa Singida ushauri wangu ni asinunue kamera nyingine mwezi huu. Aishushe aliyonayo hadi 720p, aipangie 50 Hz, aache balbu ya darini na kununua taa ya mezani ya kumwangaza usoni. Taa hiyo itamfaa hata siku atakapopata kamera bora, kwa sababu hata kamera hiyo haitaweza kukinga mvua ambayo haijanyesha.