Kidole cha koko na mashini ya kura

Wenzangu, mu Desemba 2018 nilimuonyesha koko yangu, hapa Pinga, namna ya kugusa skrini ya telefone. Uchaguzi wa tarehe 30 ulikuwa karibu, na kwa mara ya kwanza CENI ilikuwa inaleta mashini ya kura yenye skrini ya kugusa. Koko akakandamiza kwa nguvu, sawa mtu anapanda maharagwe. Hakuna kitu.

Sababu iko hivi: skrini ya telefone zetu haisikie uzito, inasikia umeme kidogo unaovutwa na ngozi. Ngozi iliyokauka na kukomaa juu ya jembe inauvuta vibaya. Koko akalowanisha kidole, akagusa polepole. Ikakubali.

Mashini ya kura nayo ina njia yake: unaingiza karatasi, unagusa mgombea wako, unahakikisha, karatasi inatoka imechapwa, unaisoma, unaitia mu sanduku. Wengi waliiogopa, wakaiita « machine à voler », mashini ya kuiba. Kati ya voter na voler, herufi moja tu!

Lakini mimi naona hatari ingine. Asiyezoea kugusa anaita mtu amusaidie. Sheria inaruhusu, ila siri ya kura inakuwa ya watu wawili. Koko aliniambia: « Nataka kidole changu kiseme chenyewe. »

Mu 2023 Masisi haikupiga kura, juu ya vita. Siku itafika. Wewe mwenye telefone, anza leo: mufundishe mzee mmoja kugusa.