Rangi za vikapu na uhai wa samaki: Sumu hupimwaje?

MAJANI ya mkoma ni mali mikononi mwa wanawake wa Lodwar na Kakuma, Kaunti ya Turkana. Husukwa vikapu, na mengine huchemshwa kwanza katika maji ya rangi. Zipo rangi za mimea, na zipo za unga zilizotengenezwa viwandani. Kazi ikiisha, maji yaliyosalia sufuriani yamwagwe wapi?

Swali hilo ni zito kutokana na hali ya mito. Mto Turkwel hupita Lodwar na kuingia Ziwa Turkana, ambalo halina mto wa kuyatoa maji yake. Tarach, unaopita Kakuma, hukauka wakati wa kiangazi na watu huchimba visima mchangani. Hapo uchafu hukosa maji ya kuupunguza makali.

Macho pekee hayatoshi kuamua. Maji mekundu huenda yasidhuru sana, ilhali yanayoonekana safi yakaua. Ndiyo maana rangi hujaribiwa katika maabara kwa viumbe hai.

Mwongozo wa Shirika la Ushirikiano na Maendeleo ya Kiuchumi (OECD) hutaka samaki wasiopungua saba kwa kila kiwango cha rangi, na wengine katika maji matupu kwa ulinganisho. Hutazamwa kwa saa 96. Kiwango kinachokadiriwa kuua nusu yao ndicho huonyesha ukali wa sumu. Kikiwa miligramu 1 kwa lita au chini yake, rangi hiyo huhesabiwa kuwa sumu kali mno kwa viumbe wa majini.

Jaribio jingine hutumia dafnia, mdudu mdogo wa majini aliwaye na samaki, kwa saa 48. La tatu hupima ukuaji wa mwani kwa saa 72. Hili lina ugumu wake, kwani rangi huzuia mwanga, na mwani huweza kudumaa kwa giza wala si kwa sumu.

Mfano ujulikanao ni malakaiti ya kijani, rangi ya hariri, sufu na ngozi. Wafugaji waliitumia kutibu kuvu kwa samaki, lakini ikabainika kuwa mabaki yake hudumu katika nyama. Umoja wa Ulaya na Marekani haziiruhusu kwa samaki wa kuliwa.

Hesabu ni rahisi. Iwapo rangi huua nusu ya samaki kwa miligramu 1 kwa lita, gramu 5, takriban kijiko cha chai, zatosha kufikisha lita 5,000 katika kiwango hicho. Kwa hivyo ni busara kuyatumia tena maji ya rangi hadi yafifie, na kutoyamwaga mtoni wala karibu na kisima.