Ukinzani si impedansi: mita iliponijibu swali jingine

Spika iliyoandikwa omu 8, ukiipima kwa mita ya kawaida, itakuonyesha 6 au 7. Wengi husema mita ni mbovu. Si mbovu, imejibu swali jingine.

Nilijua hilo kwa aibu. Tulikuwa tukifufua vyombo vya ukumbi wetu wa midahalo hapa Kindu: ampli ya wati 60 yenye laini ya volti 100, na spika nne za tarumbeta za omu 8, kila moja na transfoma yake. Transfoma moja ilikuwa imefutika maandishi. Nikaipima: upande mmoja omu 70, upande wa pili 0.6. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Kasuku.

"Papa, hii imekufa, nyaya zimegusana."

Nilikuwa tayari kuitupa, na pesa za kununua nyingine hatukuwa nazo. Akacheka.

"Mwanangu, umepima waya. Transfoma hujaipima."

Mita ikiwekwa kwenye omu hupitisha mkondo mnyoofu wa betri yake, nao hukutana na shaba tu: urefu wake na wembamba wake. Huo ndio ukinzani. Sauti ni mkondo geu, huenda na kurudi, na koili hupinga kila mgeuko. Pingamizi lote kwa pamoja ni impedansi. Wafaransa wana maneno mawili. Sisi mitaani tunasema "rezistansi" kwa yote, na hapo ndipo nilipoteleza. Neno la pili alilibuni Oliver Heaviside mwaka 1886, kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufunga miguu. Kukinza na kufunga miguu ni vitu viwili. Mpaka wahadhiri wetu wa istilahi watupe neno bora, mimi nitaandika impedansi.

Transfoma hubeba impedansi ya spika hadi upande wa laini, ikiizidisha kwa mraba wa uwiano wa mizunguko ya koili zake. Basi kinachotafutwa ni uwiano. Fundi alichukua transfoma ndogo ya kushusha umeme wa volti 220 hadi 12 za mkondo geu, akaziingiza upande wa omu 70, akaihamishia mita kwenye volti. Upande wa pili ulitoa 1.07. Gawa 12 kwa 1.07, upate kama 11.2, mraba wake ni 125, zidisha kwa 8 za spika: omu 1000. (Usikosee upande! Volti 12 zikiingia upande wa spika, ule mwingine utatoa zaidi ya 130, na vidole vyako viko hapo.)

Kwenye laini ya volti 100, omu 1000 ni wati 10. Spika nne sambamba zinakuwa omu 250, wati 40, na ampli yetu inazibeba bila taabu. Ile "iliyokufa" tumeifunga juu ya mlango.