Malezi ughaibuni (3): Agosti, mwezi wa kuwarudisha watoto kitandani

Katika sehemu mbili zilizopita nilieleza jinsi ya kuomba nafasi ya chekechea hapa Berlin, na uchunguzi wa afya anaofanyiwa mtoto kabla ya kuanza darasa la kwanza. Leo nageukia jambo lisilo na ofisi wala fomu, lakini linalozua ugomvi kila mwaka katika nyumba nyingi za Waafrika Mashariki ninazozijua huku: usingizi wa watoto katika wiki za mwisho za majira ya joto.

Niseme mapema ninaloliamini. Mtoto wa miaka mitatu au sita anayekataa kulala mwezi Agosti si mkaidi, wala hajaharibiwa na malezi ya Kizungu. Mwili wake unatii jua. Mzazi akilijua jua la huku linavyofanya kazi, nusu ya ugomvi huisha bila fimbo na bila kelele.

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumelelewa na jua lisilobadilika. Tanga au Mombasa, jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi na kuzama karibu saa 12 jioni, na hata saa zetu tunazihesabu kwa kulifuata. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mchana mfupi kabisa haifiki saa nzima. Kwa hiyo hatukuhitaji kufundishwa wakati wa kulala. Giza liliingia, tukaitwa ndani, tukala, tukalala.

Berlin iko nyuzi 52.5 kaskazini mwa ikweta. Kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4, mwezi Juni upande huu wa dunia huwa umeelekea juani. Tarehe 21 Juni jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na huzama saa 3 na nusu usiku; mchana unakaribia saa 17. Mwezi Desemba mambo hugeuka: jua hutoka saa 2 na robo asubuhi na kufikia saa 10 alasiri limeshazama. Mtoto yuleyule, kitanda kilekile, lakini mwanga unaoingia dirishani hauna uhusiano wowote na ule aliouona miezi sita iliyopita.

Mama yangu, aliyeko Tanga, huwapigia wajukuu wake simu ya video baada ya sala ya Isha. Wakati wa majira ya joto Tanga iko mbele ya Berlin kwa saa moja tu. Upande wake wa kioo unaona taa ya sebuleni, nje giza totoro, na sauti ya vyura. Upande wetu unaona watoto wawili wanakimbizana kwenye nyasi, jua limewapiga usoni. "Baba, hao watoto hawalali?" ananiuliza. Nikimwambia jua halijazama, hunyamaza kidogo kisha huomba niigeuze simu alione mwenyewe. Mdogo, wa miaka mitatu, hilo analo kama hoja ya kisheria: "Jua halijalala, mimi nilaleje?"

Na kisayansi hoja yake ina uzito. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kiini kidogo kinachoendesha saa ya mwili. Kinapopokea habari ya mwanga kutoka machoni, huizuia tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo isitoe melatonini, yaani homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Macho ya mtoto mdogo hupitisha mwanga mwingi kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo yeye huathirika zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto 10 wa umri wa miaka 3 hadi 5. Waliwaweka kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya kulala, na melatonini ikashuka kwa takriban asilimia 88. Dakika 50 baada ya mwanga kuondolewa, kwa wengi wao ilikuwa bado haijarudi kiwango chake. Watoto 10 ni wachache, lakini mzazi yeyote aliyewahi kumtoa mtoto uwanjani saa 2 usiku jua likiwa linawaka na kumpeleka moja kwa moja kitandani ameliona hilo kwa macho yake. Mtoto anajigeuza, anaomba maji, anaomba hadithi, anaomba maji tena.

Kuna jambo la pili ambalo Wajerumani wenyewe ndio waliolichunguza mapema. Miaka ya 1960 Jürgen Aschoff na Rütger Wever walijenga chumba cha chini ya ardhi huko Andechs, Bayern. Watu walijitolea kuishi humo wiki kadhaa bila saa, bila dirisha, bila redio. Ikaonekana kwamba mwili ukiachwa peke yake hauzunguki kwa saa 24 kamili, bali huzidisha kidogo. Kila siku mtu hujikuta anachelewa kulala na kuchelewa kuamka kuliko jana. Ni mwanga wa asubuhi unaoirudisha saa hiyo mahali pake.

Ndiyo maana kuchelewa ni rahisi na kuwahi ni kazi. Julai ikianza likizo, watoto huteleza wenyewe kutoka saa 1 usiku hadi saa 3 na nusu, na hakuna anayeumia. Kurudi ndiko kunakoumiza, kwa sababu unaushurutisha mwili uende kinyume na mwelekeo wake. Wazazi wengi husubiri Jumapili ya mwisho ya likizo, wakamwamuru mtoto alale saa 1. Haiwezekani, na halafu anachapwa au anafokewa kwa kosa ambalo si lake.

Sasa tuje kwenye njia. Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi, katika mwongozo wake wa 2016, kinasema mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Shule nyingi za hapa hugonga kengele saa 2 asubuhi au kabla kidogo. Mtoto wa miaka sita anayeamka saa 12 na nusu anapaswa awe amelala kufikia saa 2 usiku, na ikiwezekana mapema zaidi. Hesabu hiyo ianze kurudishwa nyuma wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa.

Anza na asubuhi. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa. Mwamshe robo saa mapema kuliko alivyozoea, mfungulie pazia, mtoe nje hata kama ni kwenda naye kununua mikate tu. Baada ya siku mbili tatu, sogeza robo saa nyingine. Jioni itajipanga yenyewe nyuma ya asubuhi. Usingizi wa mchana wa mdogo usiondolewe ghafla, ila usivuke saa 9 alasiri. Saa moja kabla ya kulala rudini ndani, fungeni mapazia mazito, punguzeni taa, simu na televisheni zizimwe. Nyumba nyingi za magharibi mwa Ujerumani zina vifuniko vya kuteremsha nje ya dirisha. Sisi wa maghorofa ya mashariki mwa Berlin hatuna, kwa hiyo nilishona vitenge viwili pamoja nikavitundika juu ya pazia la kawaida. Chumba kinapata giza la kutosha.

Agosti yenyewe husaidia. Kufikia mwisho wa mwezi mchana hupungua kwa karibu dakika nne kila siku, maana yake karibu nusu saa kila wiki. Tarehe 31 jua huzama kabla ya saa 2 usiku. Anayeanza kuwasogeza watoto katikati ya mwezi anakwenda pamoja na jua badala ya kushindana nalo.

Mtu akinisoma hadi hapa anaweza kudhani napinga jioni ndefu za Julai. La hasha. Mimi huwaachia watoto wangu wachelewe kulala wakati wa likizo, na nitaendelea kuwaachia. Narudi kutoka kazini saa 12 jioni. Novemba nikifika nyumbani ni usiku mtupu na watoto wameshachoka. Julai nina saa tatu nzima za mwanga pamoja nao. Ni katika saa hizo ndipo Kiswahili chao kinapopata nguvu. Ndani ya nyumba tunaamrishana tu: vaa, kula, piga mswaki. Kule bustanini tunacheza kombolela, tunategeana vitendawili, tunabishana kama nani kaonekana kwanza. Watoto wa majirani zetu, wa Kituruki na wa Kipoland, siku hizi nao hupiga kelele ya "kombolela!" wakiligusa lile benchi. Lugha ya nyumbani haiwezi kuishi kwa amri za asubuhi peke yake; inataka muda usio na haraka, na huku kaskazini muda huo unapatikana zaidi katika miezi hii.

Jioni hizo zina mgeni mmoja anayewatisha wazazi wapya: nyigu. Mwanzoni mwa majira ya joto huwaoni sana. Agosti, kila glasi ya juisi na kila kipande cha keki ya plamu (tunda lilelile linaloteremka kutoka Lushoto) kina nyigu juu yake. Nyigu wafanyakazi huwinda wadudu ili kuwalisha mabuu kiotani, nao mabuu huwarudishia majimaji matamu. Mwishoni mwa majira mabuu hupungua, utamu huo hukatika, na nyigu huja kuutafuta mezani kwenu. Msiwapige, wakipigwapigwa ndipo wanapouma, na sheria ya Ujerumani ya kulinda mazingira inakataza kumuua mnyama wa porini bila sababu ya msingi. Funikeni vikombe, mfundisheni mtoto achungulie kabla ya kunywa. Akiumwa ndani ya mdomo au kooni, pigeni 112 mara moja, kwa kuwa uvimbe unaweza kuziba njia ya hewa.

Tarehe za likizo nazo zinahitaji uangalifu. Elimu hapa iko chini ya majimbo, na majimbo 16 hayafungi shule kwa pamoja. Mwaka 2025 Nordrhein-Westfalen ilifunga katikati ya Julai na watoto wakarudi darasani mwishoni mwa Agosti; Berlin ilifunguliwa 8 Septemba; Bayern ikafuata wiki moja baadaye. Binamu za watoto wangu wanaoishi Köln, Nordrhein-Westfalen, walikuwa tayari na kazi za nyumbani wakati wangu bado wanaogelea. Anayepanga safari ya kwenda kumwona bibi asifuate kalenda ya rafiki wa jimbo jingine, wala asimtoe mtoto shuleni mapema kufuata nauli nafuu. Kuhudhuria shule ni wajibu wa kisheria, na faini hutozwa. Na mkirudi kutoka nyumbani, rudini walau siku kumi kabla ya shule: mtoto aliyezoea giza la Tanga hurudi analala vizuri kuliko alivyoondoka, na ni vyema mwendo huo usipotee.

Kwa mtoto wa darasa la kwanza, yote haya yanaelekea kwenye Jumamosi moja. Hapa Berlin wanafunzi wapya hupokelewa Jumamosi ya mwisho wa wiki ya kwanza ya shule, na masomo yao huanza Jumatatu. Wakubwa huwaimbia wadogo ukumbini, mwalimu huwaita kwa majina, na kila mtoto hukumbatia koni ya karatasi ngumu inayomfika kidevuni, iliyojazwa zawadi. Koni hiyo huitwa Schultüte. Desturi hii ilianzia Thüringen na Sachsen mwanzoni mwa karne ya 19. Jena inatajwa tangu 1817. Watoto waliambiwa kwamba shuleni kuna mti unaozaa koni za peremende, na zikishaiva ndipo wao wanapokuwa tayari kusoma. Mwandishi Erich Kästner, aliyeanza shule Dresden mwaka 1906, amesimulia alivyojikwaa alipokwenda kumwonyesha jirani koni yake, peremende zikamwagika zote sakafuni.

Nawasihi wenzangu msiichukulie siku hiyo kama sikukuu ya watu wengine. Tengenezeni koni wenyewe pamoja na mtoto katika jioni za mwisho za Agosti, mkiwa mmeshaingia ndani na mapazia yamefungwa. Ni kazi inayotuliza mikono na macho kabla ya kulala. Tuliifunika ya kifungua mimba wangu kwa kipande cha kanga alichotuma bibi yake. Ndani tulitia penseli za rangi, ubuyu wa Zanzibar, kitabu kimoja cha Kiswahili, na saa ndogo ya mezani yenye kengele, ili aanze kuamka kwa mkono wake mwenyewe badala ya kuitwa. Ndugu na marafiki watakuja kula pilau siku hiyo, na watataka kukaa. Waandalieni chakula cha mchana, si cha usiku, na waageni kufikia saa 12 jioni. Katikati ya Septemba jua huzama kabla ya saa 1 na nusu usiku, na mtoto aliyesogezwa vizuri atakuwa anapiga miayo wakati huo bila kuambiwa.

Itaendelea: giza la Novemba, ngozi nyeusi na vitamini D.