Mwanaharakati na Askari: Funzo la Mbarara na Juru

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi maafisa na askari wa jeshi na polisi mnaotusikiliza mkiwa makambini, vituoni na katika malindo yenu: katika mazungumzo yetu ya leo tunapenda kueleza jambo moja ambalo mara kwa mara huleta kutoelewana kati ya mwenye bunduki na mwenye kalamu. Jambo lenyewe ni hili. Kwa nini wanaharakati wa mrengo wa kushoto, yaani watu wanaojitangaza kuwa watetezi wa wakulima na wafanyakazi, wamezoea kulitazama jeshi kwa jicho la mashaka? Na kwa nini baadhi yao, baada ya kulilaani jeshi kwa miaka mingi, waliishia kuunda jeshi lao wenyewe?

Wako askari wanaoamini kwamba mashaka hayo ni chuki tupu, au ni uadui kwa taifa. Wako pia wanaharakati wanaoamini kwamba kila avaaye gwanda ni mkandamizaji. Pande zote mbili zimekosea. Ushahidi wa makosa hayo tunaupata Mbarara, mji wa magharibi ya Uganda uliokuwa na kambi ya Simba, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyo kusini-mashariki ya mji huo, ambako ndiko liliko eneo la Juru.

Tuanze na chimbuko. Majeshi ya Tanganyika, Kenya na Uganda yalitokana na jeshi moja la mkoloni, King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, lililoundwa mwaka 1902. Keya halikuundwa ili limlinde mwananchi. Liliundwa ili lilinde utawala wa Mwingereza, na mara nyingi aliyelindwa dhidi yake alikuwa ni mwananchi huyo huyo. Uhuru ulipopatikana bendera zilibadilishwa, lakini kwata, vyeo, na desturi ya kumwona raia kuwa mtu wa kuamrishwa tu, vilibaki vile vile. Mwezi Januari 1964, katika muda usiozidi wiki moja, askari waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Serikali zote tatu zililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza.

Baada ya hapo kila nchi ilishika njia yake. Tanganyika ililivunja jeshi lake, na mwezi Septemba mwaka huo huo ikaanzisha Jeshi la Wananchi, ikiandikisha vijana kwa njia ya chama na kumpa askari elimu ya siasa pamoja na mafunzo ya silaha. Uganda ilipendelea kuwaridhisha askari. Mishahara iliongezwa, na baadhi ya walioasi wakarudishwa kazini. Mwezi Mei 1966 serikali ililituma jeshi kuishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka, ili kumaliza ugomvi wa kisiasa. Jeshi lililofundishwa kwamba ugomvi wa siasa humalizwa kwa mizinga halikukawia kujiuliza kwa nini limalizie ugomvi wa watu wengine na si wake. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali.

Wakati huo wote, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, palikuwa na kundi la wanafunzi wa siasa za kushoto lililoundwa mwaka 1967 na kuongozwa na kijana kutoka Ankole, Yoweri Museveni. Vijana hao walikuwa na jarida lao lililoitwa Cheche, na miongoni mwa walimu waliokuwa karibu nao alikuwa Walter Rodney kutoka Guyana. Walisoma maandishi ya Frantz Fanon, aliyeonya kwamba katika nchi changa jeshi lisiachwe liwe tabaka la peke yake, bali liwe mahali pa kumfundisha kijana uraia. Mwaka 1968 baadhi yao walikwenda Msumbiji, katika sehemu zilizokuwa zimekombolewa na Frelimo, wakajionea wapiganaji wakiishi na wakulima. Kundi hilo, pamoja na jarida lake, lilipigwa marufuku mwaka 1970.

Katika elimu yao yalikuwamo mafundisho mawili, na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Fundisho la kwanza lilisema kwamba jeshi na polisi ni chombo cha wale wanaotawala. La pili lilisema kwamba askari mwenyewe ni mtoto wa mkulima, ametoka kijijini, mama yake bado analima kwa jembe la mkono, na kwa hiyo anaweza kuelimishwa. Mwanaharakati anayeshika la kwanza na kulisahau la pili hubaki kuwa mtukanaji wa askari. Anayeshika la pili na kulisahau la kwanza huweza siku moja kuvaa gwanda akadhani kwamba yeye, kwa kuwa alikuwa mwanamapinduzi, hawezi kumdhulumu mtu. Historia ya Mbarara imewakosoa wote wawili.

Katikati ya mwaka 1971 askari wa Kiacholi na Kilangi waliuawa na askari wenzao katika kambi ya Simba. Wamarekani wawili waliokwenda kuchunguza mauaji hayo, Nicholas Stroh na Robert Siedle, nao waliuawa, na jaji aliyeteuliwa kuchunguza vifo vyao akaona kwamba wanajeshi ndio waliohusika. Ndugu askari, tukumbuke kwamba waliotangulia kuonja ukatili wa jeshi lisilotii sheria walikuwa askari. Gwanda halikuwaokoa.

Tarehe 17 Septemba 1972 wapiganaji wa Kiganda waliokuwa uhamishoni Tanzania walivuka mpaka. Kundi moja, ambalo Museveni na wenzake wa FRONASA walikuwamo, liliishambulia kambi hiyo ya Simba. Shambulio lilishindwa. Wananchi waliotarajiwa kuinuka hawakuinuka, kwa maana hakuna aliyekuwa amewaandaa, na mtu hawezi kuacha mji wake kumfuata mgeni mwenye bunduki kwa sababu tu mgeni huyo anasema yeye ni mkombozi. Walioachwa nyuma ndio waliolipa. Watu waliodhaniwa kuwaunga mkono wavamizi walisakwa na kuuawa, na mwezi Februari 1973 vijana watatu walipigwa risasi hadharani mjini Kabale.

Vita vya Kagera vilipofika Mbarara mwezi Februari 1979, mji huo ulitekwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Watu wengi walifurahi kuondolewa utawala wa Amin. Hata hivyo ni lazima isemwe kwamba sehemu kubwa ya majengo ya mji iliharibiwa, na katika uharibifu huo ilikuwamo hasira ya yale ambayo majeshi ya Amin yaliwatendea wananchi wa Kagera mwaka 1978. Elimu ya siasa ni ngao njema, lakini hasira ya kulipiza kisasi huweza kuitoboa.

Februari 6, 1981, Museveni na wenzake walishambulia kambi ya Kabamba wakiwa na bunduki 27. Jeshi lao la NRA lilijiwekea kanuni za mwenendo zinazofanana na zile ambazo wapiganaji wa Mao nchini China walijiwekea tangu mwaka 1928. Kumtukana au kumpiga raia kulikatazwa. Kuchukua mali yake bila kulipa kulikatazwa, hata kama ni ndizi mbivu au muwa. Kumuua mateka kulikatazwa. Kila kikosi kilikuwa na kamisaa wa siasa. Kanuni ya muwa huenda ikamchekesha askari mgeni, lakini maana yake ni nzito. Askari anayejizuia kuvunja muwa mmoja amekwisha kukiri kwamba shamba lina mwenyewe, na anayekiri hivyo hatashindwa kukiri kwamba nyumba ina mwenyewe, na kwamba uhai nao una mwenyewe.

Sasa tufike Nakivale. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na walioyajaza mwanzoni walikuwa wakimbizi kutoka Rwanda. Mwezi Oktoba 1982 viongozi wa wilaya ya Mbarara na vijana wa chama kilichokuwa kikitawala waliwatoa Wanyarwanda katika mashamba yao, huku askari polisi wa kikosi maalumu wakishiriki. Makumi ya maelfu walikimbilia Rwanda, na makumi ya maelfu wengine wakasukumwa ndani ya makazi ya Nakivale na Oruchinga. Ng'ombe waliporwa na nyumba zikachomwa. Matokeo yake yalikuwa nini? Vijana wengi wa jamii hiyo waliingia msituni kujiunga na NRA. Tarehe 1 Oktoba 1990 wengi wao, wakiongozwa na Fred Rwigyema, waliondoka katika jeshi la Uganda na silaha zao, wakavuka mpaka kuingia Rwanda kwa vita. Polisi aliyemfukuza mkulima mwaka 1982 hakujua kwamba alikuwa akiandikisha jeshi.

Wala isidhaniwe kwamba jeshi lililotoka katika harakati haliwezi kukosa. Tarehe 11 Julai 1989, huko Mukura, mashariki ya Uganda, raia waliokamatwa katika msako dhidi ya waasi walifungiwa ndani ya behewa la garimoshi na askari wa NRA, na 69 kati yao wakafa kwa kukosa hewa. Kanuni za mwenendo zilikuwapo, makamisaa walikuwapo, na kumbukumbu ya Luweero ilikuwa bado mbichi. Serikali ilikuja kuomba radhi. Funzo la Mukura ni kwamba asili njema ya jeshi haimwokoi raia. Kinachomwokoa ni askari aliyeko zamu siku hiyo, akikumbuka kanuni na kuitii.

Kwa sababu hiyo taifa halikuiacha kanuni hiyo mikononi mwa kamisaa peke yake, bali liliiandika katika Katiba ya mwaka 1995. Ibara ya 208 inataka jeshi liwe la kitaifa, lenye nidhamu, lisilo la chama chochote, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 221 inaliwajibisha jeshi, polisi, magereza na idara za upelelezi kuheshimu haki za binadamu katika kazi zao. Ibara ya 29 inampa raia haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Mabishano bado yapo. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba raia kushitakiwa katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba, na katikati ya mwaka huo Bunge likapitisha sheria mpya juu ya jambo hilo. Kubishana huko mahakamani na Bungeni ndiko kunakotakiwa, maana miaka ya nyuma mabishano ya namna hiyo yalimalizwa kwa risasi kambini Simba.

Mwanaharakati naye ana wajibu. Akumbuke kwamba askari ni mfanyakazi mwenye mshahara, familia na hofu kama yeye, na kwamba kumtupia mawe au matusi kunamwondolea nafasi ya kumsikiliza. Mkimbizi pia ana mpaka wake. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unamkataza kufanya hujuma dhidi ya nchi nyingine akiwa katika nchi aliyokimbilia, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamzuia kushiriki katika siasa za nchi. Lakini sheria hiyo hiyo inampa haki ya kwenda mahakamani na ya kujiunga na vyama visivyo vya kisiasa. Basi mkimbizi anapofika kituoni kulalamikia mgao wa chakula, ardhi, au kupigwa, asiitwe mchochezi. Huyo ni mlalamikaji, na mlalamikaji ana haki ya kusikilizwa.

Leo Juru ni mojawapo ya maeneo matatu ya Nakivale, pamoja na Base Camp na Rubondo, na makazi yote yana zaidi ya watu laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Wengi wao walikimbia watu wenye sare. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama wa Kikongo anayenyamaza ghafla askari anapopita hana siasa ya kushoto wala ya kulia. Anakumbuka tu.

Kiswahili nacho kina historia hapo. Katika miaka ya Amin Waganda wengi walikisikia Kiswahili katika vizuizi vya barabarani, kikiwa lugha ya amri na ya kunyang'anya, na hadi leo wapo wanaokichukia kwa sababu hiyo. Mwaka 2005 kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Huko Juru ndiyo lugha ya Wakongo na Warundi wengi sokoni na makanisani. Askari anaweza kuitumia lugha hiyo kusema "Lala chini!" au kusema "Shikamoo mama, kuna shida gani?" Maneno ni ya lugha moja, lakini la kwanza humrudisha mama yule alikotoka, na la pili humwambia kwamba amefika.

Ndugu maafisa na askari, mashaka ya mwanaharakati hayatamalizwa kwa kumkamata, kwa kuwa hayakuzaliwa naye. Yalizaliwa Lubiri, Mbarara na Mukura, na yatapungua siku kwa siku pale ambapo raia asiye na silaha atakutana na mwenye silaha, akaenda zake salama, na mali yake ikiwa mkononi mwake.