Sura haikumdumisha Katharine Hepburn, mkataba ndio uliomdumisha

Wapenzi wa sinema za zamani wakitajiwa Katharine Hepburn hukumbuka kwanza tuzo zake nne za Oscar za mwigizaji bora wa kike. Ya kwanza aliipata kwa filamu ya Morning Glory ya 1933, ya mwisho kwa On Golden Pond ya 1981, na hadi leo hakuna mwigizaji mwingine, mwanamke kwa mwanamume, aliyefikisha nne. Hapo ndipo wengi huishia: alikuwa na kipaji, akatuzwa. Kipaji alikuwa nacho, sikatai. Lakini Hollywood ya miaka ile ilijaa wenye vipaji, na wengi wao walisahaulika kabla ya kufikisha umri wa miaka arobaini. Hepburn aliigiza kwa zaidi ya miaka sitini kwa sababu alitambua mapema kwamba uigizaji ni mali, na kwamba mali isiyo na mwenyewe huchukuliwa na aliye karibu. Hilo ndilo linalofaa kuwagusa waigizaji wa Kitale na Bungoma kuliko hesabu ya tuzo.

Ushahidi upo katika miaka miwili tu ya maisha yake. Mwaka 1938 chama cha wenye kumbi za sinema Marekani kilichapisha tangazo likiwataja mastaa ambao, kwa maoni yao, walikuwa sumu kwa biashara ya tiketi. Hepburn alikuwamo, pamoja na Greta Garbo, Joan Crawford na Marlene Dietrich. Studio ya RKO ikampangia filamu ya kumshusha hadhi. Badala ya kuinamisha kichwa na kuipokea, alilipa pesa zake mwenyewe kujitoa katika mkataba, akarudi jukwaani. Mwandishi Philip Barry alikuwa amemwandikia tamthilia ya The Philadelphia Story, nayo ikafunguliwa Broadway mwaka 1939. Hepburn alikataa mshahara akachagua sehemu ya faida, na haki za kuitengeneza filamu zikawa mikononi mwake baada ya rafiki yake tajiri, Howard Hughes, kumnunulia. Tamthilia iliponoga, studio zilizomkimbia zikaja kubisha hodi. Aliiuzia MGM haki hizo kwa sharti kwamba nafasi kuu iwe yake na kwamba awe na kauli kuhusu mwelekezi na waigizaji wenzake. Filamu ilipotoka mwaka 1940, hakuna aliyezungumza tena habari za sumu. Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo mimi naliheshimu zaidi: alipeleka MGM skripti ya Woman of the Year akiwa ameficha majina ya waandishi wake, ambao hawakuwa na sifa bado, akadai dola 250,000, nusu yake na nusu ya waandishi. Hakujipigania peke yake.

Mtu aliyeshika usukani wa kazi yake huweza pia kuchagua nafasi ambazo wengine wanaziogopa. Mwaka 1951 Hepburn, akiwa na umri wa miaka 44, alikuja pande hizi zetu kuigiza The African Queen akiwa na Humphrey Bogart, chini ya mwelekezi John Huston. Walianza kwenye Mto Ruiki, katika Kongo ya Wabelgiji, kisha wakahamia Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na karibu na maporomoko ya Murchison. Kwa mtu wa Bungoma, ni safari ya kuvuka Malaba, kupita Kampala na kushika njia ya Masindi. Aliigiza Rose Sayer, dada wa mmishonari, mwanamke aliyezeekea kanisani, mwenye nywele zilizobanwa na nguo iliyofungwa vifungo hadi shingoni. Hakuna urembo wa Hollywood hapo. Huston na Bogart walikunywa wiski wakabaki wazima. Yeye alikunywa maji akapata ugonjwa wa kuhara. Tazama ile sehemu ya mwanzo anapopiga kinanda kanisani: kamera ikimwacha kidogo, ndoo ya kutapikia ilikuwa imewekwa karibu naye. Huston alimshauri aige tabasamu la Eleanor Roosevelt, aliyekuwa mke wa rais, lile la mtu anayeficha uchovu kwa heshima, na ndilo lililoubeba mchezo mzima. Alipendekezwa kuwania Oscar kwa nafasi hiyo.

Lakini itazame tena sehemu hiyo hiyo, safari hii ukiangalia viti vya waumini. Wamejaa Waafrika, wanaimba, na kijiji chao kinateketezwa muda mfupi baadaye. Uso wao ndio unaotufanya tuamini kwamba vita vya 1914 vimefika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Majina yao hayamo katika orodha ya waigizaji. Hata meli ya Kijerumani ya Ziwa Tanganyika iliyowapa watunzi wazo la hadithi hii inajulikana jina lake la zamani, Graf von Goetzen, na jipya, Liemba. Waliosimama mbele ya kamera ile ile iliyompiga picha Hepburn hawakuachiwa hata jina. Tofauti kati yao na yeye haikuwa kipaji tu. Yeye alikuwa na karatasi yenye sahihi.

Msomaji atasema kwamba namsifia tajiri. Ni kweli baba yake alikuwa daktari, mama yake mwanaharakati mwenye elimu aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura, na si kila mtu ana Howard Hughes wa kumnunulia haki. Pingamizi hilo lina uzito, ndiyo maana mwigizaji mwenzake Olivia de Havilland anafaa kutajwa. Studio ya Warner ilikuwa ikiongeza kwenye mkataba wake muda wote aliosimamishwa kazi kwa kukataa filamu, hata mkataba ukawa hauishi. Aliishtaki, na mahakama ya rufaa ya California ikampa ushindi mwaka 1944. Studio zilimkwepa kwa muda, lakini alirudi akashinda Oscar kwa To Each His Own ya 1946, na uamuzi ule ukawalinda hata waigizaji wasio na senti. Hivyo hofu ya kwamba ukidai haki utaachwa ina ukweli wake, ila haina neno la mwisho.

Vijana wetu wanaigiza kila wiki. Vikundi vinazunguka shule za Trans Nzoia na Bungoma na michezo ya vitabu teule, wengine wanarekodi vichekesho vya Kibukusu na Kiswahili na kuvirusha YouTube. Mara nyingi makubaliano ni ya mdomo: nauli, chakula, na ahadi ya kukumbukwa video ikivuma. Video ikishavuma, mwenye akaunti ndiye anayelipwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua mwigizaji kuwa mwenye haki juu ya uigizaji wake, na inataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi yenye sahihi. Bodi ya hakimiliki, KECOBO, ipo, na chama cha PRISK kipo kwa ajili ya haki za waigizaji na wanamuziki.

Idara za utamaduni za kaunti hizi mbili, pamoja na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Kibabii, ziandike mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: nani anaigiza, nani anamiliki rekodi, mapato yatagawanywa vipi, na jina la kila mwigizaji litaandikwa wapi. Walimu wa drama wautumie kabla ya kikundi chochote kupanda jukwaani shuleni kwao. Nawe kijana unayeitwa kurekodi Jumamosi hii, usikubali kamera iwashwe kabla hujaona karatasi hiyo.