Umepunguzwa Tumbo? Angalia na Meno

Ndugu zetu wengi waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo hapa Muscat huhesabu kilo tu. Meno huyakumbuka pale maji baridi yanapoanza kuwauma.

Adui mkubwa ni tindikali. Miezi ya mwanzo kutapika na kiungulia hutokea, na tindikali ya tumboni hulainisha ganda la nje la jino. Ukikimbilia mswaki saa hiyo (na nani hataki kuutoa ule uchachu!) unalisugua ganda likiwa laini, nalo likishalika halioti tena. Sukutua kwa maji matupu, uteme, ungoje nusu saa hadi saa nzima, kisha ndiyo upige mswaki kwa dawa yenye floraidi.

Pia unakula kidogo kidogo kutwa, na kila tende au kipande cha halua huwapa vijidudu vya mdomoni sukari ya kutengenezea tindikali yao. Sinia la wageni huwezi kulikataa kila siku, najua. Basi kahawa bila tende, kisha usukutue.

Kama bado hujapasuliwa, pita kwanza kwa daktari wa meno. Tumbo dogo linataka chakula kilichotafunwa sana, na jino bovu halitafuni.